Sifuri ya Barabara ya Mlimba

Siku ya kwanza kazini nilifika yadi ya Ifakara kabla ya saa moja asubuhi, nikiwa na barua ya ajira ndani ya bahasha ya kaki na viatu vya ngozi ambavyo mama alininunulia kwa ajili ya siku hiyo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na nimepewa cheo cha fundi sanifu wa barabara, yaani mtu anayekaa katikati ya mhandisi anayechora na kibarua anayechimba. Wanawake wenye cheo hicho tulikuwa wachache nchini. Katika yadi ile nilikuwa peke yangu.

Mkuu wa yadi alikuwa Mkaguzi wa Barabara, mtu mrefu, mkavu, asiyevua kofia yake ya pama hata akiwa ofisini. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama.

"Greda unalijua?"

"Ndiyo, mzee. Tulifundishwa chuoni."

"Basi njoo ulione."

Akanipeleka nyuma ya karakana. Greda lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, matairi ya mbele hayapo, na kuku wa mlinzi alikuwa anaatamia mayai chini ya kiti cha dereva.

"Hilo ndilo greda letu," akasema. "Linasubiri vipuri tangu sijawa na mvi. Sasa chukua sepetu umfuate nyapara. Na hivyo viatu, vivue."

Nyapara ni kiongozi wa genge la vibarua. Wetu alikuwa Mzee Ligazio, Mndamba wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana isiyolingana na mwili wake. Kwao ni Lihoma, kijiji cha upande wa mtoni, ambako barabara yetu ndogo kuliko zote ilikuwa inaishia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia miguu iliyokuwa peku. Kazi ya siku ile ilikuwa kuzibua kalavati, lile bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Niliingia ndani nikatoa tope kwa mikono mpaka saa sita. Nilipotoka, Mzee Ligazio alinipa kopo la maji akaniita "mwanangu." Toka siku hiyo hakuniita jina lingine, mpaka siku moja nitakayowaeleza.

Mambo ya chuoni niliyajua kwa vitabu. Mzee Ligazio alinionyesha yalivyo. Alinionyesha kwamba kazi yetu hasa ni kugombana na maji. Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo, yaani katikati pawe juu kidogo, ili mvua ishuke pembeni. Pembeni kuwe na mtaro wa kuyapokea. Mtaro uwe na michepuko ya kuyatoa maji kwenda porini kabla hayajapata nguvu. Kimoja kikikosekana, vingine havisaidii. Barabara zetu nyingi zilikuwa zimekosa vyote. Zilijengwa miaka mingi kabla yangu, zikatumika bila kutunzwa, na kufikia wakati ule zilikuwa zimezeeka kama mtu anavyozeeka, kuanzia kwenye viungo. Mgongo ulikuwa umelika, mitaro imeota majani, na madaraja ya mbao yalikuwa yanavukwa kwa abiria kushuka na dereva kuomba Mungu.

Nchi nzima hali ilikuwa hiyo, na ndiyo maana sera ikaanza kubadilika. Vijana mnaoingia kazini leo mnaikuta sera hiyo kama kitu kilichokuwepo siku zote, lakini sisi tuliiona ikifika. Tuliambiwa kwamba sehemu ya bei ya mafuta itawekwa pembeni kwa ajili ya barabara, ili anayeendesha gari ndiye achangie matengenezo. Tuliambiwa pia kwamba serikali haitafanya tena kazi kwa mikono yake yenyewe. Kazi zitapewa makandarasi, na yadi kama yetu zitapunguza watu. Na kwa kuwa fedha hazitoshi barabara zote, zitachaguliwa zenye magari. Zisizo na magari zitasubiri.

Nilipoisoma sera hiyo mara ya kwanza niliona ni ya haki. Hata leo sisemi ilikuwa mbaya. Nasema tu jinsi ilivyotufikia.

Ilitufikia kwa fomu. Barua ya mkoani ilikuja katikati ya masika, ikiagiza kila yadi ihesabu magari kwenye barabara zake kwa siku saba mfululizo, kutoka alfajiri hadi jua kuzama, na majibu yarudi kabla mwezi haujaisha. Fomu ilikuwa na safu za gari dogo, basi, lori na trekta. Mkaguzi wa Barabara akanikabidhi ya barabara ya Ifakara kwenda Mlimba.

"Mzee," nikamwambia, "masika haya hakuna gari linalopita Mlimba."

"Mimi nimeagizwa kuhesabu," akajibu. "Sikuagizwa kuchagua majira."

Tulikwenda mimi na Mzee Ligazio. Gari la yadi lilitupeleka mpaka liliposhindwa kuendelea, tukatembea kilichobaki, tukaweka turubai kando ya barabara mbele kidogo ya Mngeta, upande wa kuelekea Chita. Kulia kwetu milima ilikuwa imefunikwa na mawingu. Kushoto mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji. Siku ya kwanza mvua ilinyesha kutwa. Jioni nikaandika sifuri kwenye kila safu. Siku ya pili nikaandika sifuri. Siku ya tatu lilikuja trekta moja, likazama tukiliona, na dereva akaliacha hapo akarudi kwa miguu. Tulibishana kama limepita au halijapita. Mzee Ligazio alisema halijapita, nami nikaona anasema kweli.

Lakini barabara haikuwa tupu. Kuanzia alfajiri baiskeli zilikuwa zinapita, kila moja na gunia la mchele, mwenyewe akiisukuma kwa bega kwenye tope. Walipita kina mama wenye matenga ya samaki wakavu. Wanafunzi walipita na viatu mkononi. Asubuhi ya siku ya nne alikuja Msukuma mmoja na mkokoteni wa ng'ombe wanne; Wasukuma walikuwa wanaanza kuhamia bondeni na mifugo yao miaka hiyo. Akasimamisha ng'ombe mbele ya turubai letu.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma. Kisha kwa Kiswahili: "Mnahesabu nini hapa siku zote hizi?"

"Magari, baba."

Akatazama barabara mbele na nyuma. "Na mimi nimo?"

Nikamwonyesha fomu. Akaitazama kwa muda kama anayejua kusoma, ingawa sidhani alijua.

"Basi hamjaniona," akasema, akawapigia mluzi ng'ombe wake.

Maneno yale yalinikaa. Alipoondoka niligeuza fomu nikapiga mistari nyuma yake: baiskeli, mkokoteni, waenda kwa miguu, mizigo ya kichwani. Nikamwambia Mzee Ligazio kuanzia sasa tunahesabu kila kinachopita. Hakuuliza kwa nini.

Siku hiyohiyo mchana walitokea wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba kwenye miti miwili. Juu yake alikuwa mwanamke mjamzito, amefunikwa kitenge kilicholowa, uchungu umemshika tangu jana yake. Walikuwa wamepita stesheni ya reli inayokwenda sambamba na barabara ile, wakaambiwa treni ya abiria ni kesho kutwa, wakaamua kumpeleka kwenye zahanati ya mbele kwa miguu. Tuliwapokea tukawasaidia kubeba mpaka tulipolivuka dimbwi kubwa, kisha tukarudi kwenye turubai. Nilishika kalamu sikujua pa kuandika.

"Waliokuwa wanatembea ni wanne," Mzee Ligazio akasema. "Aliyebebwa mmoja."

Nikaandika tano. Akainama akaiangalia karatasi.

"Wako sita, mwanangu."

Nilifuta nikaandika sita. Siku ya mwisho ya kuhesabu, mmoja wa wale wanaume alipita akirudi kwao, tukamwuliza. Alisema mama amepona, mtoto hakupona. Akasema hivyo tu, akaomba maji, akaendelea na safari.

Nilirudi Ifakara nikiwa na karatasi moja yenye mambo mawili: mbele sifuri, nyuma mistari iliyojaa. Mkaguzi wa Barabara aliisoma mbele, akaigeuza, akaiweka mezani.

"Binti, kaa," akasema. Hakuwa na desturi ya kunikaribisha kiti. "Ukipeleka hii, barabara ya Mlimba imekufa. Unajua wenzetu wanavyofanya? Wanaandika magari ya kiangazi. Magari yapo, si uongo mtupu. Yanapita Agosti. Wewe yaandike yamepita Aprili."

"Na wakija kukagua?"

"Nani atakuja kukagua? Atapitia wapi?"

Alikuwa na haki ya kucheka, lakini hakucheka. Mtu yule aliipenda barabara ile. Aliifanyia kazi tangu ujana wake, na uongo aliokuwa ananishauri haukuwa wa kujinufaisha hata kidogo. Nilimwomba anipe usiku mmoja wa kulifikiria. Asubuhi nikamwambia nitapeleka kama ilivyo, ila nitanakili ule upande wa nyuma kwenye karatasi nyingine, niandike na sehemu ambazo gari linakwamia. Alinitazama chini ya ukingo wa kofia.

"Uipeleke mwenyewe basi. Mimi sitii saini sifuri."

Sikuipeleka mwenyewe, niliituma kwa posta ya ndani. Ila wiki chache baadaye Mhandisi wa Mkoa aliniita Morogoro. Nilisafiri siku nzima kupitia Kidatu na Mikumi, nikalala kwa shangazi, asubuhi nikaingia ofisini kwake nikiwa tayari kufukuzwa. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, meza yake imejaa bahasha kama yangu.

"Wewe ndiye uliyeniletea sifuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Nina barabara moja hapa, daraja lake limekatika tangu mwaka jana. Wameniandikia magari kila siku. Nashangaa yanaruka vipi." Akaisogeza bahasha ile pembeni. "Yako nimeiamini. Sasa nani alikutuma kuhesabu baiskeli?"

"Hakuna aliyenituma."

"Baiskeli hainunui mafuta. Fedha hizi zinatoka kwenye mafuta."

Neno hilo nilikuwa nimelifikiria njia nzima. "Hainunui, mzee. Lakini ule mchele unakwenda kupakiwa kwenye lori Ifakara, na lori linanunua. Barabara ikipitika, lori litaufuata mchele kule kule, litanunua mafuta mengi zaidi."

Aliandika kitu. "Na reli? Wakubwa wataniuliza kwa nini nitengeneze barabara pembeni ya reli."

Nikamweleza habari za kile kitanda cha kamba. Sikupamba. Nilimwambia tu kwamba kilipita karibu na reli kiasi cha kuiona.

Akakunjua ramani. "Kwa nini gari halipiti? Usiniambie mvua. Mvua inanyesha kila mahali."

"Ni sehemu tatu, mzee." Nikamwonyesha kwa penseli: kalavati lililobebwa na maji, kipande cha mbuga chenye udongo mweusi, ule unaonata kama ulimbo ukilowa, na mahali pa kuingilia daraja moja ambapo mto umekula kingo. "Kwingine kote panapitika hata masika. Gari halifi njiani kote. Linafia hapo patatu."

Leo hilo ni jambo la kawaida, mnaliita matengenezo ya sehemu korofi. Siku ile lilikuwa bado jipya kwetu. Tulizoea kuomba barabara nzima, na kwa kuwa barabara nzima haikuwezekana tulipewa karatasi nzima ya samahani. Mhandisi wa Mkoa alipiga mahesabu yake pembeni ya ramani, akaniambia hapo patatu panawezekana. Nilianza kushukuru, akainua mkono.

"Ngoja. Fedha ni zilezile. Nikiweka hapa lazima nitoe mahali pengine, na mahali hapo pawe kwenye yadi yenu. Wewe unakujua. Nitoe wapi?"

Orodha ya barabara zetu ilikuwa mbele yake. Haikuwa ndefu. Barabara za sokoni zisingeguswa, wala ile ya hospitali, wala ya kivukoni ambayo ndiyo njia ya kwenda Malinyi. Ilibaki moja tu yenye watu wachache, yenye kijito kimoja kisicho na daraja, ambayo kila mwaka tulikuwa tunaitengeneza kidogo na kila mwaka ilikuwa inaharibika.

"Lihoma," nikasema.

Akapitisha penseli. Haikuchukua muda wa kumeza mate.

Ningeweza kunyamaza, barua ingefika na kila mtu angedhani imeamuliwa mkoani. Nilifikiria kufanya hivyo njia yote ya kurudi. Jumatatu, baada ya majina kuitwa, nilimkuta Mzee Ligazio anapachika mpini kwenye jembe. Nikamwamkia, nikakaa kwenye jiwe karibu yake.

"Mzee, sehemu zile tatu za Mlimba zimekubaliwa."

"Vizuri, mwanangu. Umefanya kazi."

"Ila Lihoma kwenu imetolewa kwenye orodha. Waliniuliza watoe ipi. Mimi ndiye niliyeitaja."

Aliendelea kugonga kabari ya mpini. Aliigonga hata baada ya kukaza.

"Wewe ulitaja."

"Ndiyo, mzee."

"Ungetaja ya nani?" Sikujua kama ananiuliza au anajisemea. Akainuka, akajaribu jembe lake chini mara mbili. "Vibarua wanangoja, Bi Fundi," akasema, akaondoka.

Kiangazi kile mkandarasi alikuja na mashine zake. Kalavati jipya likawekwa, mbuga ikajazwa changarawe, na pale mtoni pakajengwa drifti, yaani sakafu ya zege ambayo maji yakijaa yanapita juu yake bila kuibomoa. Masika yaliyofuata basi lilifika Mlimba. Lilichelewa, lilipakwa tope mpaka kwenye vioo, lakini lilifika, na malori yakaanza kuingia vijijini kutafuta mchele kama nilivyosema. Sikudanganya, na hesabu yangu ilikuwa sahihi. Naeleza hivyo kwa sababu mtu anaweza kuwa sahihi na bado akashindwa kumwangalia mwenzake usoni.

Mwaka huohuo lilikuja punguzo la wafanyakazi. Mkaguzi wa Barabara alitukusanya uwanjani akasoma majina, genge karibu lote, Mzee Ligazio akiwa miongoni mwa wa kwanza. Alisoma kwa sauti ileile mpaka jina la mwisho, na jina la mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Akakunja karatasi, akatupa mkono wa kwaheri, mmoja mmoja. Aliponifikia mimi akasema, "Ile sifuri, leo ningeisaini," akaendelea na aliyefuata.

Sikumwona Mzee Ligazio kwa muda. Kisha makandarasi wakaanza kuhitaji vikundi vya vijijini kwa kazi ndogondogo, kufyeka na kuzibua mitaro, na nikapeleka taarifa Lihoma kwa maandishi. Alikuja na watu kumi na wawili, zaidi ya nusu wanawake, akiwemo mkewe. Nilikaa nao siku mbili nikiwafundisha kujaza zabuni, yaani karatasi ya kuomba kazi na kutaja bei yako. Walipata kipande cha barabara ya Mlimba, na hakuna mtaro uliokuwa safi kama wao. Siku ambazo hawakuwa na kazi yetu walitengeneza barabara yao wenyewe, bila malipo na bila fundi. Kila masika kijito kilibeba magogo yao ya kuvukia, kila kiangazi waliyarudisha. Mimi nilihamishwa kutoka Ifakara kabla Lihoma haijarudishwa kwenye orodha. Ilirudishwa baadaye na halmashauri, kwa mkono wa mtu mwingine.

Nimefanya kazi mikoa minne baada ya hapo. Nimekalia viti vya ofisini vyenye magurudumu, na miaka ya mwisho nilikuwa upande wa pili wa meza, mimi ndiye mwenye penseli. Fedha hazikuwahi kutosha. Atakayewaambia vijana kwamba zitatosha hajui barabara zinavyozeeka. Kwa hiyo kukata mtakata, hakuna njia. Nilichojaribu kufanya ni kuuliza, kila fomu ya sifuri iliponifikia, ni nini kilichozuia gari na nani alikuwa anapita badala yake. Na kila nilipokata barabara kwenye orodha nilihakikisha watu wake wanaambiwa na mtu mwenye jina, ana kwa ana. Wengine walinitukana. Ilikuwa haki yao.

Nilipostaafu nilirudi kuishi Ifakara, na mwezi wa kwanza nikachukua pikipiki kwenda Lihoma. Siku hizi kuna daraja dogo la zege pale kijitoni. Mzee Ligazio alikuwa hai, amepungua sana, macho yameingia ukungu, lakini sauti yangu aliitambua. Mkewe alituwekea mkeka barazani, tukaongea habari za watu wa genge, nani yupo na nani ametangulia. Mwishoni nikamwuliza nilichokuwa nimekiendea.

"Mzee, siku ile niliyoitaja Lihoma. Nilikosea?"

Aligeuza uso kuelekea ndani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, naye anasikiliza.

"Huyu alivuka kijito kile masika sita, maji yakiwa kiunoni, na tenga kichwani," akasema akinyoosha kidole kwa mkewe. "Mara mbili tulidhani amekwenda na maji."

"Nilikuwa najua."

"Najua ulikuwa unajua." Akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu, akaushika. "Sasa nawa ule. Wali unapoa."

Mkewe akaleta maji, akaninawisha yeye mwenyewe, na tukala watatu kwenye sinia moja.